Jicho la Kushoto la Sungura

Kima alikuwa fundi wa wanja wa maji, na kila wanja mpya aliujaribu kwanza kwa sungura aliowafungia vizimbani. Alitia tone katika jicho la kushoto, akaliacha la kulia apate la kulinganisha, kisha akasubiri mlio. Lakini sungura hawalii wakiumia, maana anayelia husikiwa na fisi. Basi Kima aliandika daftarini: "Kimya. Ni salama."

Bibi Chui aliupaka wanja huo kwenye harusi ya bintiye, na kabla ngoma haijaisha akawa haoni. Alifika kwa Kima akipapasa ukuta.

"Uliujaribu kwa nani?"

"Kwa sungura, bibi. Hakulia hata mmoja."

Chui alivunja vizimba kwa kucha zake. "Sasa mjaribuni yeye."

Sungura walitoka polepole, kila mmoja na jicho moja jeupe kama maziwa. Walimfunga Kima, wakamtia tone jicho la kushoto, wakakaa kumzunguka, wakimtazama kwa macho yao ya kulia bila kupepesa.

Kima alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. "Linaungua! Andikeni kwamba linaungua!"

Sungura aliyekaa kizimbani muda mrefu kuliko wote alifungua daftari, akafikiri sana.

"Kima hupiga kelele siku zote," alisema kwa upole, "hata akiona embe limeiva."

Akaandika: "Kawaida yake. Ni salama." Kisha akanyoosha mkono apewe kichupa, aongeze tone la pili.