Mlolongo wa Saboti

Saa nne na dakika kumi asubuhi, tairi lilikuwa tayari shingoni mwa Levi. Sikio lake la kushoto lilining'inia kwa ngozi, na shati lilinuka petroli. Alikuwa amekamatwa kwenye njia ya Suam akiwa na ng'ombe wa Wekoye aliyeibwa. Wekoye mwenyewe ndiye aliyeshika kiberiti.

"Subirini polisi," alisema Mwalimu Hiram.

Joan, afisa wa kilimo aliyehamishwa kutoka Bungoma siku tisa zilizopita, alijua jambo moja tu kumhusu: alifundisha falsafa ya siasa katika chuo kimoja mjini Kitale hadi alipostaafu.

"Ati tungoje polisi, wamwachilie kesho?" Wekoye alicheka. "Hiyo ni ya vitabu, bana."

"Basi tupige kura. Mlolongo, kama tunavyochagua kamati ya shule. Wa polisi nyuma yangu, wa moto nyuma yako. Watakaoshindwa watii."

Wakakubali. Walimtaka Joan ahesabu, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa na ukoo pale. Alipita akigusa kila bega. Upande wa Hiram, arobaini na wanne. Upande wa Wekoye, arobaini na watano.

Mtu alimpiga Levi teke la mbavu. Levi akatema jino.

"Bado," Hiram alisema. "Hakuna anayeamua kesi yake mwenyewe, wala ya ndugu yake. Wekoye, wewe na kaka yako tokeni."

Panga liliinuliwa, likashushwa. Wekoye alitoka, kaka yake akamfuata. Arobaini na wanne kwa arobaini na watatu. Joan alitangaza. Rahab, mwenye kibanda cha chai, akaanza kumfungua Levi kamba.

"Ngoja, mama," Wekoye alisema. "Mwalimu, hiyo sheria ni yangu peke yangu?"

Hiram aligeuka nyuma. Kisha akamshika mkono Lenah, mwanamke aliyesimama nyuma yake, akamvuta. Lenah alikita miguu chini, akamng'ata kiganja hadi damu ikachuruzika. Hiram hakumwachilia. Wakatoka mstarini wote wawili.

"Baba," Levi alisema, "si umwache Mama abaki?"

Joan alihesabu upya. Arobaini na wawili. Arobaini na watatu.

Wekoye aliwasha kiberiti.