Mtoto wa Dawati la Nyuma

Bwana Komeo alivuta mikono ya sweta mpaka ikameza vidole, akageuza kiti kikatazama ukuta, akalaza kichwa juu ya dawati. Mtu mzima na mvi zake. Walimu waliokuwa mafunzoni walicheka kidogo, kisha wakakumbuka kwamba huo ndio mtihani wenyewe.

Walikuwa wamekuja kujifunza namna ya kufundisha Kiingereza kwa vijana wa sekondari, wale ambao nyumbani hawakisikii hata kwa bahati mbaya. Miaka ya nyuma mtihani wa mwisho ulikuwa wa kuandika. Mwaka huu mkufunzi alibuni wake. Yeye anakuwa mwanafunzi wa miaka kumi na tano aliyegoma kusema. Atakayemtoa sentensi moja ya Kiingereza, kwa hiari, anapata cheti. Atakayeshindwa anarudi alikotoka mikono mitupu. Jina la Komeo walimpa wao, kwa sababu hafunguki.

Asubuhi hiyo walishaanguka karibu wote. Mmoja alikuja na vichekesho.

"Vichekesho vimeshajaribiwa," Komeo alisema bila kuinua kichwa.

Mwingine akaahidi zawadi.

"Zimeshajaribiwa."

Jamaa mmoja mwenye sauti ya dalali wa mnadani akaamua kufoka. Komeo aliinuka, akamtazama. "Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote," akasema, akalala tena.

"Huyu mzee ana roho mbaya," dalali alinong'ona akirudi kwenye kiti. "Anataka tufeli tu, basi."

Zamu ikamfikia Bi Kimya. Walimwita hivyo kwa sababu tangu mafunzo yaanze hajakaa na mtu wakati wa chai. Wala si maringo, alishazoea tu. Alipangiwa shule ya mbali, akapanga chumba kimoja, na siku hizi anayempigia simu ni kampuni ya simu peke yake, ikimuuzia vifurushi. Mwenye cheti huruhusiwa kuomba uhamisho. Angerudi mjini kwa dada yake, ndugu pekee aliyebaki naye. Akikikosa, ni chumba kile kile mwaka mwingine. Upweke ulikuwa umemchosha, tena umemchosha vibaya.

Aliacha kitabu mezani. Akabeba kiti chake mpaka nyuma, akakiweka kando ya kile cha Komeo, kikatazama ukuta ule ule, akaketi.

"Sasa huyu anafanya nini?" mtu akauliza.

Hakumuuliza Komeo chochote. Alikaa kwanza. Kisha, kwa Kiingereza chepesi ambacho mtoto yeyote angekielewa, akauambia ukuta: "Jana nilipika chakula cha watu wawili. Naishi peke yangu. Nusu nilimwaga."

Darasa likasubiri mpaka likachoka, watu wakaanza kukohoa na kusogeza viti. Komeo hakutikisika. Bi Kimya aliona cheti kinakwenda na maji, machozi yakamlengalenga, lakini hakunyanyuka. Angekimbilia wapi?

Kichwa kikainuka kidogo juu ya dawati.

"Nyumbani kwetu," Komeo akasema kwa Kiingereza, taratibu, naye akiwa anautazama ukuta, "bado tunaandaa sahani tatu."

Darasa zima likapiga makofi. "Mzee anajua kuigiza, jamani," dalali akakiri, na wote wakatoka kwenda kunywa chai.

Komeo alibaki pale pale, mikono ya sweta bado imefunika vidole. Bi Kimya akasimama mbele yake, akisubiri hukumu.

"Cheti umepata, mwalimu. Hilo limekwisha." Alitoa miwani mfukoni, akaivaa, akaivua tena. "Una haraka ya kwenda mahali?"

"Sina, mwalimu. Hakuna anayenisubiri."

"Basi nakuomba twende kwangu. Huyo mtoto niliyemwigiza ni binti yangu. Tangu tumzike mama yake hajanisemesha hata neno, na mimi mbinu zote zimeniishia."