Hewa Kwenye Pampu

Gari lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likafa kando ya barabara likiwa limeelekea kule kule binti asikotaka kwenda.

"Nini tena?" aliuliza shangazi kutoka kiti cha mbele.

"Hewa," alisema baba, akiachia usukani. "Imeingia kwenye pampu. Si kitu, dada."

Alishuka, akakunja mikono ya shati, akafungua boneti. Binti alibaki nyuma, mkoba wa nguo ukiwa magotini. Taya lilikuwa bado linamuuma upande mmoja kila alipofungua kinywa, kwa hiyo hakukifungua.

Mumewe alikuwa ametuma neno jana usiku: asipokuwa ndani ya nyumba kabla ya magharibi ya leo, asirudi tena, talaka itamfuata huko huko aliko. Shangazi alilipokea neno hilo kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua.

"Hakuna ndoa isiyo na vumbi," alikuwa amesema. "Mimi yangu nilifagia mpaka ufagio ukaisha. Kesho unarudi, na baba yako ndiye atakayekupeleka."

Binti alimtazama baba yake. Lakini shangazi ndiye aliyembeba baba mgongoni mama yao alipofariki, akainyima nafsi yake tonge ili mdogo wake ashibe. Tangu binti apate akili, hakuwahi kumsikia baba akimwambia dada yake hapana. Na safari hii hakumwambia.

"Sawa, dada," alijibu tu, akaenda kupima oili.

Gari hilo ndilo lililowalisha. Baba alilibebea mizigo ya watu, na hakuna fundi mwingine aliyewahi kuligusa. Binti alikua akimshikia spana na kusikiliza. Oili ipime injini ikiwa imepoa. Mafuta ya breki yabadilishe hata kama hayajapungua, maana yanafyonza unyevu kama chumvi. Dizeli nunua pale wanaponunua wengi, isiwe imelala na maji. Nati iliyolegea ikaze leo, kesho itakuwa imeanguka.

Kwa hiyo alijua. Baba atalitengeneza, na watafika. Kila spana ilipogonga chuma, aliuona mlango wa nyumba ya mumewe unasogea.

Lori likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akatoa kichwa.

"Mzee, limegoma? Naelekea huko huko. Hapa mbele nina nafasi ya watu wawili."

Binti aliukumbatia mkoba wake.

"Asante, ndugu yangu, limeshapona," alisema baba. "Nakaza nati moja tu. Tutakupita njiani."

"Haya. Ila usinipite ukiwa unasukumwa!"

Shangazi alizitazama ngazi za lori, akayatazama magoti yake. "Una hakika?"

"Dada, lini niliwahi kukulaza njiani?"

Hakuwahi. Lori likaondoka.

Jua lilianza kuinama. Baba alitoa hewa, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka isishike. Alikwangua vichwa vya betri, akavikaza, akazungusha tena. Hakuna. Alikagua mipira ya mafuta mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Kisha akaita, "Njoo unishikie hapa."

Binti alishuka. Baba alilegeza chujio, mafuta yakamchuruzikia binti vidoleni.

Dizeli hung'ang'ania kidole na kuteleza mpaka uifuate kwa sabuni. Haya yalikauka kabla hajajifuta, yakamwachia ubaridi. Aliinua mkono, akanusa.

Petroli.

Mhudumu wa kituo cha mafuta amekosea mpira, aliwaza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akavuta pumzi mpaka chini. Alimtazama baba. Alikuwa ameinama, akisumbuka na nati. Pua imezeeka, hajahisi kitu. Binti akajifuta kwenye gauni, akanyamaza. Jua lilikuwa limeshashuka usawa wa paa za mbali.

"Siku zote unajigamba unalijua gari lako kama kiganja chako!" shangazi alifoka kutoka ndani. "Leo limekushinda mbele ya mwanao. Mwanaume mzima!"

"Nisamehe, dada. Bado kidogo."

Alizungusha ufunguo tena. Safari hii binti alisikia sauti nyingine chini ya ile ya injini, mkwaruzo mwembamba wa chuma kikila chuma. Dizeli ndiyo inayoilainisha pampu. Petroli inaiacha kavu. Hilo pia baba ndiye aliyemfundisha. Mizunguko michache zaidi na pampu itakwisha, na pampu ikiisha, gari limeisha. Baba atabaki na nini, na nywele zile nyeupe?

Baba alijipangusa jasho, akashika ufunguo tena.

Binti alikumbuka komeo la mlango ule, na jinsi lilivyolia likisukumwa kutoka ndani. Kisha akauweka mkono wake juu ya mkono wa baba.

"Usiliwashe, baba. Utaliua. Si hewa." "Tangini mna petroli. Mwaga yote, dumu la dizeli ya akiba liko nyuma. Tukiharakisha, tutawahi."

Baba hakumtazama. Alimvuta taratibu mpaka mbele ya gari, nyuma ya boneti iliyoinuliwa, akainama tena penye chujio.

"Punguza sauti, mwanangu, shangazi yako asisikie," alisema. "Hiyo petroli nimeitia mwenyewe alfajiri. Nishikie spana, tuendelee kutengeneza mpaka jua lizame."