Koti la Wateja

"Mimi kompyuta ikiniona tu, inajirekebisha," Shemweta alimtambia Bi Salha, mwenye studio ya picha, aliyeapa kwamba mfumo ukikataa tena kusasishwa leo, atatafuta fundi mwingine.

Akabonyeza. Kompyuta ikagoma: nafasi imejaa.

"Virusi hivi, mama. Niachie kidogo."

Bi Salha alipotoka, Shemweta alianza kufuta mbiombio picha zake mwenyewe, mamia kwa mamia, alizojipiga humo studio akiwa amevaa koti la kuwaazima wateja wa picha za pasipoti: kakunja nne, kashika kidevu, kajifanya anapokea simu.

Sasisho likaanza kutembea.

"Hiyo ya simu usiifute, mheshimiwa."

Bi Salha alikuwa amesimama mlangoni, koti mkononi, akimpima mabega kwa macho.