Shimo la Muhanga

Siku Fisi alipofukuzwa mbugani, wanyama walicheza ngoma hadi miguu ikavimba. Muhanga peke yake hakucheza. Alijua Fisi atarudi, na anayelala nje, awe huru asiwe huru, ni nyama tu. Akawachimbia wote mashimo mpaka kucha zikasagika, akawafundisha na kuingia: "Ingieni kinyumenyume, meno yaangalie nje. Adui hapewi mgongo."

Shimo lake alilichimba mwisho, akamwomba Ngiri amlindie akatafute mchwa. Kurudi, jua linazama, akakuta meno ya Ngiri yamejaa mlangoni.

"Shikamoo, Baba wa Mashimo."

"Marahaba. Nipishe nilale."

"Humu wamelala wanangu, mzee. Wanakuimba asubuhi na jioni."

"Kwani shimo hili si langu?"

"Ni lako, nani anabisha? Ila umetufundisha mwenyewe: aliye nje ndiye adui."

Muhanga akatazama kucha zake. Hazikubaki hata za kuchimbia kaburi. Nyuma yake Fisi akacheka. Mle shimoni watoto wa Ngiri waliamka, wakaimba jina la Muhanga, tena kwa sauti nzuri.