Dumuzi Ndani ya Kiberiti

Mama Fabiola alifungua kiberiti juu ya kaunta. Ndani hamkuwa na njiti hata moja. Mlikuwa na dumuzi watatu, wadudu wale wale waliomaliza mahindi ya nusu ya kijiji cha Sigino mwaka jana.

"Mama, hao unaniletea dukani?" Bushiri alirudi nyuma hadi kwenye rafu zake tupu.

"Dawa yako ya kuhifadhi mahindi haina pakiti wala maandishi, baba. Umeifunga kwenye gazeti. Mimi nyumbani nina majivu ya bure ya kuchanganya na mahindi. Mwaka jana niliwasikia hawa wakitafuna ndani ya gunia, nikashindwa kulala. Safari hii nachagua kwa macho."

"Ni dawa ya kweli. Hata mahindi yangu nimeyatia hiyo hiyo."

Mama Fabiola alimwaga dawa kidogo kwenye gazeti, akamweka dumuzi mmoja katikati.

Walisubiri mpaka kivuli cha mlango kikafika kwenye mizani. Dumuzi alikuwa ametulia, mweupe mgongo mzima kama aliyetoka mashine ya kusaga. Kisha akatembea polepole hadi ukingoni, akaanza kutoboa gazeti.

Mama Fabiola alimrudisha mdudu wake kwenye kiberiti, akakifunga. "Basi mimi nabaki na majivu yangu."

Bushiri alikwenda kwenye kona yalipokuwa magunia yake mawili, chakula cha nyumba yake mpaka mavuno. Akapiga magoti, akalaza sikio juu ya gunia la kwanza.