Kadi ya Kijani

Verlene aliitoa ile kadi ya kijani ndani ya Biblia, akaiweka mezani kwa wakili. Ni kadi ya posta inayorudi kwa mwenye barua kuthibitisha kwamba imefika. Sahihi ya aliyeipokea barua ilikuwa ya wino wa bluu, pana, ya mtu asiye na haraka.

"Usiniambie nimechelewa," alisema. "Sheria inataka jimbo lipewe taarifa ndani ya siku mia na themanini tangu kifo, ndipo likubali kushtakiwa. Mimi niliandika siku ya arobaini."

Wakili aliigeuza kadi. Akaigeuza tena, ingawa nyuma hapakuwa na neno.

"Mama, hii ulimpelekea mkuu wa chuo."

"Kwani si maabara yao iliyomuua mwanangu?"

"Ndiyo. Lakini chuo ni cha jimbo. Taarifa huenda kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, basi. Ikienda kwingine, ni kama hukuandika. Nani alikwambia uipeleke huko?"

"Yeye mwenyewe. Alikuja mazishini na tai yake ya rangi za chuo, akanishika mkono huu. Akasema nikiwa na jambo lolote nimwandikie yeye, nisihangaike na watu wa serikalini."

Wakili alivua miwani.

"Alikujibu?"

"Vizuri tu. Aliniomba nivute subira mpaka Septemba."

Kidole cha wakili kilishuka taratibu kwenye kalenda ya ukutani, kikasimama tarehe thelathini na moja Agosti, siku ya mia na themanini.

Verlene alikitazama. Kisha akaanza kuufuta mkono wake kwenye sketi, akaufuta, akaufuta.